Wikiendi ya Dodoma na Kondoa: fuata barabara moja tu

Wengi wanaijua Dodoma kwa vikao. Mtu anashuka, anahudhuria mkutano, analala karibu na ukumbi, kesho yake anaondoka, na mkoa mzima anauacha bila kuuona. Inanisikitisha, kwa sababu hapa kuna safari nzuri ya siku tatu ambayo haihitaji fedha nyingi wala maandalizi ya mwezi mzima. Inahitaji uamuzi mmoja tu, nao ni kuchagua barabara moja na kuachana na nyingine.

Ndugu na marafiki wanaokuja kwangu hufika na orodha ndefu: Bunge, mashamba ya zabibu, Bwawa la Mtera, milima ya Mpwapwa, michoro ya mapangoni ya Kondoa. Yote ni mazuri. Lakini Mtera iko kusini, njia ya kwenda Iringa. Mpwapwa iko mashariki, Kondoa kaskazini. Anayetaka kuyaona yote kwa siku tatu ataishia kuona lami. Mimi huwapeleka kaskazini, maana huko unapata mji, mnada, milima na historia bila kubadili uelekeo.

Chagua majira kwanza. Mvua za Dodoma hunyesha msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na njia za vumbi za Kondoa haziaminiki wakati huo. Nikipewa nafasi ya kuchagua, nitachagua Mei au mwanzoni mwa Juni: korongo zimekauka na vichaka bado vina kijani. Julai na Agosti ni kavu kabisa, ila upepo ni mkali na usiku kuna baridi ambayo mtu wa Dar haitarajii. Mji upo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo beba sweta.

Ijumaa iwe ya mji. Tangu treni ya SGR ianze safari za kufika Dodoma mwaka 2024, anayetoka Dar anaweza kupanda asubuhi na mchana akawa ameshakula hapa. Gari utakodi huku huku. Mchana pita Msikiti wa Gaddafi, uliofunguliwa mwaka 2010, mmoja wa misikiti mikubwa Afrika Mashariki. Vaa nguo za heshima, epuka nyakati za swala, na omba ruhusa getini kabla ya kutoa simu kupiga picha. Jua likipoa, kuna mlima wa mawe kaskazini mashariki mwa mji ambao wageni wameuzoea kwa jina la Lion Rock. Si mrefu, lakini juu yake unaona mji wote umetandazwa kwenye tambarare. Nendeni kikundi, msibebe vitu vya thamani, mshuke kabla ya giza. Usiku tafuta mahali wanapopika mlenda wa Kigogo wenye karanga, ule na ugali wa uwele. Chipsi utazikuta hata kwenu.

Jumamosi ndiyo siku ninayoipenda zaidi, na ndiyo sababu nasisitiza safari ianze Ijumaa na si siku nyingine. Kila Jumamosi kuna mnada Msalato, mwendo mfupi tu kutoka katikati ya mji, na Msalato iko kwenye barabara hiyo hiyo ya Kondoa. Asubuhi nunua maji, matunda na mkate Soko la Majengo. Kama ni msimu wa zabibu, nunua na zabibu. Mizabibu ya Dodoma huzaa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo bahati ya kuzikuta ni kubwa. Jaza tenki kabisa. Kagua tairi ya spea, jeki na spana kwa macho yako mwenyewe, usikubali kuambiwa tu kwamba vipo.

Mnadani usiende moja kwa moja kwenye moshi. Zunguka kwanza. Upande mmoja kuna mbuzi na ng'ombe na wenye mifugo wenye fimbo mabegani, bei zikipangwa kwa sauti ya chini. Upande mwingine mitumba, sufuria, kamba, viatu vya matairi. Ukishazunguka ndipo uende kwa wachomaji. Nyama inauzwa mbichi kwa kilo: unachagua kipande kikiwa kinaning'inia, kinapimwa mbele yako, halafu kinaenda jikoni. Omba mbavu za mbuzi. Simama uone mchomaji anavyoigeuza nyama bila haraka, mafuta yakidondokea mkaa, kisha anaikata kwenye ubao kwa mapigo mafupi na kuisukumia kwenye sinia pamoja na chumvi, pilipili na ndimu. Kuchoma kunachukua muda, kwa hiyo agiza mapema ili saa nane mchana muwe mmeshaingia barabarani.

Kutoka Dodoma hadi Kondoa ni kama kilomita 160, lami tupu. Barabara hii ni sehemu ya ile njia kuu ya zamani ya Cape hadi Cairo, na kipande cha Dodoma hadi Babati kilizinduliwa rasmi mwaka 2018; kabla ya hapo safari hii ilikuwa ya vumbi na ya kutwa. Lami nzuri inashawishi kukanyaga mafuta. Usifanye hivyo. Kila kijiji kina kibao cha 50, askari wenye tochi za kupima mwendo wapo, na zaidi ya tochi kuna watoto na mbuzi wanaokatiza. Lengo ni kufika Kondoa kabla ya magharibi.

Ukikaribia Kondoa na kupanda kuelekea Kolo, angalia milima na makorongo kwa makini. Sehemu kubwa ya ardhi hii ilikuwa imemomonyoka vibaya kwa ufugaji uliozidi na ukataji miti. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo lililoharibika. Kwa wafugaji lilikuwa jambo chungu sana, lazima tuliseme hilo. Lakini miti ilirudi, nyasi zikarudi, na leo unatembea kwenye msitu ambao wazee wa hapa waliuona ukiwa udongo mwekundu mtupu. Kwangu hiki ndicho kivutio kikubwa cha njia nzima, ingawa hakuna anayekitangaza. Muulize mwongozaji wako akueleze. Wengi wana habari zake kutoka nyumbani kwao.

Laleni Kondoa mjini. Nyumba za wageni ni za kawaida na zinatosha. Jumapili saa moja asubuhi muwe njiani kwenda Kolo, kijiji kilicho kaskazini zaidi kwenye barabara ya Babati. Hapo kuna ofisi ya mambo ya kale. Pitieni ofisini kwanza, lipeni, mpewe mwongozaji. Msijaribu kwenda kwenye mapango peke yenu. Muwe na salio kwenye simu na fedha taslimu pia. Michoro ya Kondoa iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na mapango yenye michoro yanazidi 150, yametawanyika milimani. Msiyafukuzie. Pango moja, Mungomi wa Kolo, linatosha kwa asubuhi moja.

Kutoka ofisini ni njia mbovu yenye mchanga, inayotaka gari la juu, kisha mnapanda kwa miguu. Mwinuko ni mkali, mawe yanateleza. Vaa raba zenye meno, na kila mtu abebe lita mbili za maji. Mtoto wa miaka minane anaweza kupanda akishikwa mkono. Bibi mwenye magoti mabovu abaki chini kivulini na mtu wa kukaa naye.

Juu, subiri macho yazoee. Mwanzoni utaona jiwe tu. Kisha mstari mwekundu mwembamba unajitokeza, mwingine pembeni yake, na ghafla ni mtu mrefu aliyekonda, nywele zake zimechorwa kwa mistari midogo midogo. Pembeni kuna twiga, kuna tembo. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alikuja kuinakili michoro hii mwaka 1951, na wataalamu bado wanabishana kuhusu baadhi ya picha, ni tukio la kutekwa au ni ngoma ya uganga. Usiguse, na kamwe usimwagie jiwe maji ili picha itoke vizuri kwenye simu. Maji yanaharibu rangi iliyodumu karne nyingi. Wenyeji bado wanafanya matambiko Mungomi. Ukikuta sadaka imeachwa pangoni, iache ilivyo, usiipige picha.

Saa sita muwe mmeshashuka, jua la mchana kwenye mawe yale halina huruma. Kula Kondoa, pumzika, mrudi Dodoma kabla ya giza. Wa Dar wakate tiketi ya treni ya Jumatatu asubuhi, si ya Jumapili usiku.