Uliza Tujibu: Majimoto wamejaa kwenye mikorosho, nipige dawa?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Nina mikorosho na miembe huku Mkuranga, mwaka huu majimoto wamezidi, kupanda mti mtu unaogopa, wameshonashona majani huko juu viota kibao. Jirani anasema hao ni siafu tu, piga dawa waishe. Ni siafu kweli? Na wanashonaje bila uzi?

JIBU: Ndugu, hiyo dawa iweke kwanza. Siafu na majimoto familia yao moja, Formicidae, yaani ya sisimizi wote, lakini undugu wa karibu hawana. Siafu ni jenasi Dorylus, anatembea ardhini kwa misafara na makao ya kudumu hana, majimoto yeye ni wa juu ya miti mwaka mzima. Jenasi yake ni Oecophylla, jina alilitoa Frederick Smith mwaka 1860, na spishi zilizo hai ni 2 tu dunia nzima: Oecophylla longinoda wa kwetu Afrika na Oecophylla smaragdina wa Asia mpaka kaskazini mwa Australia, huko wengine wana tumbo la kijani kabisa. Waliobaki ni visukuku, na kimoja kimetoka hapahapa kwetu, kisiwa cha Mfangano, Ziwa Victoria upande wa Kenya, sehemu ya kundi imegeuka jiwe mamilioni ya miaka iliyopita, na walipopimwa wakakutwa wafanyakazi wa saizi 2, wakubwa na wadogo, vilevile kama hawa wa kwenye mkorosho wako. Wakubwa ndio hao wanaokung'ata, wadogo wanabaki ndani kulea watoto.

Sasa kushona. Uzi wanao, wanautoa kwa watoto wao. Wafanyakazi wanajipanga ukingoni mwa jani wanavuta, jani la pili likiwa mbali wanashikana viuno mnyororo mpaka wafike, halafu wengine wanakuja kila mmoja na buu mdomoni, anamgusisha jani hili anamhamishia lile, huku na huku, na buu anatoa hariri, ni kama mtu anavyokamua tyubu ya gundi. Chana kiota kilichokauka utauona utando mweupe. Cha ajabu buu huyo hariri yote inaishia kwenye nyumba, yeye mwenyewe hajifungi kifuko kama mabuu ya sisimizi wengine wengi.

Kuhusu maumivu, mwiba hana, anang'ata halafu anapulizia asidi ya fomiki kwenye kidonda, ndio maana panawaka vile.

Na kwa nini usipige dawa: anakula wadudu. Mbu wa mikorosho (si mbu wa kuuma watu, ni mdudu mfyonzaji) anayeunguza machipukizi, na kunguni wa minazi anayeangusha vidaka, wote wawili wanapungua sana kwenye mti wenye majimoto wengi, jambo hili limefanyiwa utafiti Zanzibar kwenye minazi tangu miaka ya 1950 na baadaye Naliendele, Mtwara, kwenye korosho. Wachina wamewatumia kwenye michungwa zaidi ya miaka 1,600. Ubaya wao upo, wanafuga vidugamba, wadudu wadogo wa kufyonza mimea, ili wale utomvu wao mtamu, na siku ya kuchuma maembe utawalaani, tumia upondo.

SWALI: Je nikikata kiota kimoja nikakifunge kwenye mti usio nao, watazaliana?

JIBU: Kimoja mara nyingi hapana. Kundi moja linaweza kuwa na viota vingi vilivyosambaa miti kadhaa lakini malkia kwa kawaida ni mmoja tu, sasa ukikata ovyo uwezekano mkubwa umebeba wafanyakazi na mabuu bila mama, na hao hawadumu. Usichanganye pia viota vya makundi tofauti, watauana wote. Rahisi zaidi funga kamba kutoka mti wenye majimoto kwenda huo mwingine, watavuka wenyewe, ila angalia chini kwanza, kama shinani kuna wale sisimizi wadogo wa kahawia wenye askari vichwa vikubwa, hao ni maadui zao wakubwa, majimoto watafukuzwa kabla hawajashona hata jani moja.