Barazani kwa Bibi Mwalimu: Mtihani wa maadili wamefaulu, kura wameuza kwa pipi

Shikamoo Bibi Mwalimu. Nafundisha Historia ya Tanzania na Maadili darasa la nne, watoto 92 chumba kimoja. Mwezi uliopita niliwapa jaribio la kutaja sifa nne za kiongozi mwadilifu, na karibu wote walizitaja. Wiki hiyohiyo tukachagua viranja. Mtoto mmoja akagawa pakiti nzima ya pipi nyuma ya vyoo, akashinda. Mwalimu mkuu anasema nisijisumbue, ni utoto tu. Mimi nimekosa raha. Nifanyeje?
Mwalimu, Singida

Marahaba mwanangu. Kabla sijakujibu nikuambie langu, maana lako ni dogo.

Nilianza kushika chaki mwaka 1978, mmoja wa wale waliokuwa wakiitwa walimu wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na nimestaafu 2019. Somo hili nimelifundisha kwa majina yake: lilikuwa Siasa, likaja kuwa Uraia, baadaye Uraia na Maadili, na sasa mnalo ninyi na jina jipya. Mwaka 1995, nchi nzima ikiwa na homa ya uchaguzi mkuu, wa kwanza tangu vyama vingi virudi 1992, nikasema watoto wangu nao wachague kiranja mkuu kwa karatasi. Tulitoboa boksi la chaki, tukalifunika kitenge. Walipanga foleni nzuri kuliko wazazi wao.

Kura zikahesabiwa ofisini. Aliyeshinda alikuwa mtoto wa mama muuza vitumbua, mkorofi kidogo, mwenye maswali mengi. Mkuu wangu wa wakati huo akatikisa kichwa, akaniandikia jina jingine. Nami nikatoka, nikasimama mstarini, nikalisoma.

Saa nne, wakati wa mapumziko, binti mmoja wa darasa la sita akanifuata bombani. Akaniambia kwa adabu zote, mikono nyuma: "Mwalimu, sisi tuliompigia yule tulihesabiana jana jioni tukicheza mdako. Tuko 61. Wewe umemsomea 38." Nikamwambia aende darasani.

Hapo ndipo ujue kilichoniuma. Mimi ni wa kizazi kilichokariri ahadi za mwanachama wa TANU. "Cheo ni dhamana, sitakitumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu." Nilizijua zote kwa kichwa, na bado nazijua. Nilizijua asubuhi ile nikisoma 38. Binti yule alihama mwaka uliofuata na sikuwahi kumwomba radhi. Kiranja tuliyempachika watoto walimtii mbele ya walimu tu. Sisi tukigeuka, walimwita "kiranja wa ofisi".

Kwa hiyo mwanangu, usishangae watoto kupata alama zote kisha wakauza kura. Umewapima kumbukumbu, wakakuonyesha kumbukumbu. Sina ugomvi na kipindi. Kipindi kinampa mtoto maneno, na bila maneno hata kulalamika hawezi. Yule binti wangu alijua neno "matokeo" kwa sababu nilimfundisha mimi. Lakini tabia anaipata pale anapokabidhiwa kitu cha kweli, kinachoweza kupotea, na watu wenye haki ya kumuuliza kiko wapi.

Sasa la pipi. Usimchape, na usibatilishe uchaguzi kimyakimya ofisini, utakuwa umefanya kama mimi. Lirudishe darasani. Usiulize nani aligawa, wanajua wote. Waulize: pipi imekwisha mdomoni, ila kiranja bado mnaye mpaka Desemba, mmenunua nini? Wape kipindi kizima wabishane. Utasikia mambo. Atatokea mtoto atakayesema alikula pipi na kura akampa mwingine, darasa litacheka, na hapo una somo la kura ya siri ambalo hakuna kitabu kingekupa.

Kisha rudieni, wakikubali wao. Kila mgombea asimame aseme atafanya nini kuhusu jambo moja wanaloliona kila siku, mathalani ndoo za maji ya kunawa. Kura zihesabiwe ubaoni mbele ya wote, vijiti vitano vitano, na mtoto ndiye ashike chaki. Atakayeshinda mpe daftari la mali: fagio ngapi, ndoo ngapi, chaki maboksi mangapi. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi asome mbele ya darasa. Ndoo ikipungua aulizwe na wenzake, wewe nyamaza. Huku kunyamaza ndiko kugumu, nakuambia.

Wakikuuliza kwa nini wahangaike na ndoo, wasomee ibara ya 27 ya Katiba, inayompa kila mtu wajibu wa kulinda mali asili na mali ya Mamlaka ya Nchi. Watoto hupenda kusikia kwamba ndoo yao imo kwenye Katiba.

Mwalimu mkuu wako mwambie nimemsalimu. Na utoto anaousema ndio tunaolipwa mshahara kuushughulikia.

Bi Mwalimu, huku kwetu Kenya mtaala wa umilisi (CBC) unataka watoto wafanye huduma kwa jamii. Mwanangu wa Gredi ya 5 aliambiwa alete picha akiokota taka. Nilimpeleka Kongowea sokoni, nikamvisha glavu, nikampiga picha, nikamtumia mwalimu kwa simu. Dakika tano tukarudi nyumbani. Kuna faida gani?
Baba wa watoto watatu, Mombasa

Faida ipo, ila si mliyoitaka. Mwanao amejifunza kwamba ukitaka kuonekana mwema, tafuta mpiga picha.

Mtaala wenu umeorodhesha tunu nane: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Orodha nzuri sana. Tatizo ni kwamba mwalimu mwenye watoto wengi na muda mchache anatafuta kitu cha kubandika kwenye faili, na picha inabandikika.

Fanya hivi, bila kugombana na shule. Chagueni mtaro mmoja karibu na nyumba yenu, ule unaoziba mvua zikinyesha. Muhula mzima, kila Jumamosi, mtoto aukague na kuandika: leo mifuko mingapi, chupa ngapi, imetoka wapi. Amuulize muuza samaki wa jirani taka zake anazipeleka wapi. Pengine hana pa kuzipeleka, na hapo mtoto ataanza kuona kwamba si kila anayetupa ni mchafu wa roho. Kwa Katiba yenu ya 2010 uzoaji taka ni kazi ya kaunti. Basi aandike barua, kwa mkono wake na kwa makosa yake ya herufi, kwa mwakilishi wa wadi, mkaipeleke pamoja. Asipojibiwa, aandike ya pili. Mwisho wa muhula apeleke shuleni daftari hilo lenye madoa. Picha piga ukitaka, ya mtaro.

Sisi kamati ya shule tumekubali wanaochelewa wafagie uwanja. Wazazi wachache wamekuja juu. Wana hoja?
Mjumbe wa kamati, Kibaha

Wanayo. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alitaka mtoto aliyesoma asione aibu ya jembe. Sisi walimu tukaja kulifanya jembe kuwa fimbo: mchelewaji alime, mpiga kelele achote maji. Halafu kipindi kinachofuata tunaandika ubaoni "kazi ni heshima". Watoto si wajinga.

Kufagia kuwe zamu ya wote, kiranja mkuu ndani yake, na mwalimu wa zamu naye ashike chelewa hata dakika kumi. Mchelewaji afidie alichokikosa wakati wenzake wanacheza. Lakini muulizeni kwanza alitoka nyumbani saa ngapi. Wengi niliowachapa kwa kuchelewa nilikuja kugundua walikuwa wametoka kisimani.

Mwalimu wa Singida, niandikie tena muhula ujao. Nataka kujua mwenye pipi aligombea tena au la.