Ukitaka kuandika historia ya shule yako, anzia langoni

Shule nyingi kongwe za serikali hapa Mombasa zina ubao ukutani karibu na ofisi: majina ya wakuu wa shule, mwaka wa kuingia, mwaka wa kutoka. Wanaoandaa kijitabu cha sherehe hunakili ubao ule, wakaongeza picha ya kombe la mpira, wakaita historia. Mimi nimekuwa nikikusanya kumbukumbu za shule yangu ya zamani, ya kutwa, hapa kisiwani, na wanaoniuliza waanzie wapi huwaambia waache ofisi kwanza, waende langoni.

Shule ya kutwa haina mabweni ya kufungia maisha ya wanafunzi ndani. Maisha yao yako njiani na kwenye meza ya viazi karai. Bi anayeuza pale kwetu amewalisha baba na wana wao. Nilimpelekea picha ya darasa ambayo wenyewe tulikuwa tunabishana juu yake. Akafuta mikono kwa leso, akaiinua juani.

"Huyu si yule mkubwa, mwanangu. Huyu ni mdogo wake. Mkubwa alikuwa na kigugumizi, na pesa za viazi alilipa Ijumaa kwa Ijumaa."

"Na huyu mrefu, bi?"

"Huyo akija na chupa yake. Ataka ukwaju tu, viazi hanunui."

Ubishi ukaisha hapo. Basi mtu kama huyu usimwendee na karatasi ya maswali kama karani wa sensa. Nenda na picha, ununue, ukae.

Shida itakayokusumbua zaidi ni miaka. Wazee wanakumbuka mambo vizuri sana ila tarehe zimewachanganyikia, na ukiwabana watakutajia mwaka wowote ili uwaachie. Waulize walifanya mtihani gani. Aliyefanya Cambridge, mtihani wa kutoka Uingereza, ni wa zamani hasa. Baraza la mitihani la Kenya liliundwa 1980. Mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu) uliingia 1985, KCSE ya kwanza, mtihani wake wa kumaliza sekondari, ikafanywa 1989, na mwaka huohuo ndio form six ya mwisho, darasa la juu la mfumo wa zamani, ilipofanya mtihani wake. Kwa wale wa Kisauni na Kongowea, ng'ambo ya kisiwa, kuna kipimo kingine: walivuka daraja lipi la Nyali? La zamani lilikuwa la kuelea, la kulipia, tangu 1931. Hili tulilonalo lilifunguliwa 1980. Mzee mmoja alishikilia kwamba alimaliza themanini na mbili, lakini kila kisa chake cha kuchelewa paredi kilikuwa na lile daraja la kulipia ndani yake. Tukasogeza miaka.

Jambo la pili ni majina ya shule yenyewe. Ukitafuta kwa jina la leo pekee utakosa mengi, maana taasisi za mji huu zimebadilishwa majina mno. MIOME (Mombasa Institute of Muslim Education), iliyopokea wanafunzi wa kwanza 1951 kama chuo cha ufundi cha vijana Waislamu, imepitia majina kadhaa hadi kuwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa mwaka 2013. Nyingine zimebaki na la mwanzo: shule ya Allidina Visram ina jina la mfanyabiashara aliyefariki 1916, na aliyeijenga ni mwanawe, kwa kumkumbuka.

Ukishapata jina la zamani, omba rejista ya kuandikisha wanafunzi. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo penye utajiri wote. Namba, jina, jina la mzazi, kazi ya mzazi, mtaa. Enzi za ukoloni shule ziligawanywa kwa rangi na asili: za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu, za Waafrika. Baada ya uhuru, na hasa baada ya ripoti ya Tume ya Ominde, tume ya elimu ya 1964, ugawaji huo ukaondolewa. Kwenye kitabu unayaona mageuzi bila kusimuliwa: ukurasa mmoja majina yote yanafanana, kurasa chache mbele mtoto wa karani wa reli anafuatana na wa mvuvi, na wa kuli wa bandarini, na wa fundi cherehani wa Majengo. Hotuba za siku ya wazazi hazitakupa hayo.

Lakini usipige picha kurasa hizo ukazimwaga mtandaoni. Ni habari za watu, wengi wako hai, na tuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019. Andika mitaa na kazi, majina yaache hadi wenyewe wakubali.

Kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja lina faida, mradi mchango usitangulie. Siku mtu atakapoweka namba ya kutumia pesa, nusu ya watu wananyamaza, na walionyamaza ndio wenye picha. Weka picha moja kwa wakati, uulize nani huyu, kisha ukae kando. Majina ya utani ya walimu yatakuja yenyewe, na mengine hayafai kuandikwa.

Mnaojiambia mtaanza mwakani, angalieni kalenda. KCPE ya mwisho, mtihani wa kumaliza msingi wa 8-4-4, ilifanywa 2023, na watoto hao watafanya KCSE 2027. Gredi ya 10, darasa la mwanzo la sekondari ya juu katika mfumo mpya, imeshaingia Januari 2026. Form one haipo tena. Mfumo ukibadilika stoo husafishwa, na anayesafisha hajui kwamba kile kitabu kilicholiwa kona na mchwa ndicho pekee kilichobaki.

Kwa hiyo andika barua sasa, kwa mkuu wa shule, nakala kwa mwenyekiti wa bodi. Eleza unataka kusoma papo hapo, hutaki kuchukua kitu, na kwamba utawaachia nakala ya utakachoandika. Nyingine ipeleke tawi la Nyaraka za Kitaifa hapa Mombasa. Kisha fuata kwa miguu, maana barua peke yake hukaa kwenye faili. Nenda Aprili shule zikifungwa, saa nne na nusu hivi, karani akishamaliza chai yake.