Alama za malezi zimeshuka baada ya mafunzo: je, niandike kwamba mafunzo yamefaulu?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika halmashauri ya wilaya. Mwaka jana tuliendesha mafunzo ya malezi kwa familia 32 zilizofikishwa ofisini kwetu kwa mashauri ya kupiga au kutelekeza watoto. Wanafunzi waliokuwa fildi kwangu waliwahoji wazazi kwa dodoso lenye jumla ya alama 40, ambapo alama kubwa huonyesha malezi makali zaidi. Kabla ya mafunzo wastani ulikuwa 26.5, na baada ya miezi mitatu familia 24 zilizomaliza zilikuwa na wastani wa 21. Jaribio la t, kipimo cha kitakwimu cha kulinganisha wastani, linaonyesha kwamba tofauti hiyo si ya bahati. Mkuu wangu anataka niandike kwamba mafunzo yamefaulu ili tuyapeleke kata zote. Je, naweza kuandika hivyo?

Jibu: Marahaba, na hongera kwa kupima, maana ofisi nyingi huishia kuhesabu waliohudhuria. Hata hivyo, bado huwezi kuandika hivyo. Takwimu zako zinaonyesha kwamba alama zimeshuka, lakini hazijaonyesha kilichozishusha.

Anza na hesabu yenyewe. Wastani wa mwanzo umeutoa kwa familia 32, wa mwisho kwa familia 24. Tuseme zile 8 zilizoacha njiani ndizo zilizokuwa na hali mbaya kuliko zote, kila moja ikiwa na alama 34, na zile 24 zilizobaki zilianza na wastani wa 24. Ukizichanganya unapata 26.5 ileile uliyoiandika. Na kama hakuna hata mzazi mmoja aliyebadilika, wastani wako wa mwisho ungekuwa 24. Yaani karibu nusu ya mafanikio yako ingekuwa imetokana na watu kuondoka tu. Kwa hiyo rudia hesabu kwa familia 24 peke yake, kila moja ukiilinganisha na alama yake yenyewe ya mwanzo, kisha uandike wazi hizo 8 zilianza na alama gani na kwa nini hazikumaliza. Mara nyingi familia zilizoacha ndizo zenye habari tunayoihitaji zaidi.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi, na jaribio la t haliwezi kulitatua. Familia haifiki ofisini kwako siku yoyote tu; hufika katika kipindi kibaya kuliko vyote, baba amekosa kibarua, ugomvi umepamba moto, mwalimu ameona alama za fimbo mgongoni mwa mtoto akatoa taarifa. Ukimpima mtu akiwa kwenye kilele cha shida yake, kipimo kinachofuata kina uwezekano mkubwa wa kuwa chini, awe amefundishwa au hajafundishwa. Watakwimu huita jambo hili kurejea kwenye wastani. Jaribio la t hukuambia kama tofauti ni kubwa kuliko ile inayoweza kutokea kwa bahati. Halikuambii imesababishwa na nini.

La tatu ni nani aliyeuliza, na aliuliza nini. Mzazi aliyekaa miezi mitatu akielezwa madhara ya fimbo anajua vizuri jibu linalotakiwa, hasa anapoulizwa na mwanafunzi yuleyule aliyekuwa akimtembelea. Swali kama «Je, unampiga mtoto wako?» linaomba jibu la adabu. Afadhali uulize: «Katika siku 7 zilizopita, ni siku ngapi mtu yeyote wa nyumba hii alimpiga mtoto huyu?» Wabadilishane pia wahojaji, mwanafunzi ahoji familia ambazo si yeye aliyezihudumia. Kisha ongeza kipimo kisichotegemea kauli ya mzazi, kama daftari la mahudhurio la shule.

Huenda mkuu wako atasema kwamba wazazi wenyewe wameshuhudia kusaidika. Ushuhuda huo uheshimiwe, lakini usibebeshwe mzigo usio wake. Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, wavulana 506 waligawanywa katika makundi mawili yanayofanana. Kuanzia mwaka 1939 kundi moja lilitembelewa na washauri, likapewa msaada wa masomo na matibabu. Mtafiti Joan McCord aliwafuatilia baada ya miaka 30 hivi na kuchapisha matokeo mwaka 1978. Takriban theluthi mbili ya waliohudumiwa walisema mradi uliwasaidia, ilhali kwa vipimo kadhaa vya maisha yao, vikiwemo vya uhalifu na afya, walikuwa na hali mbaya kuliko wenzao wasiohudumiwa. Bila kundi la kulinganisha, mradi ule ungesifiwa hadi leo.

Kundi la kulinganisha unaweza kulipata bila kumnyima mtu huduma. Halmashauri yako haina wakufunzi wa kuanza kata zote siku moja, kwa hiyo zipo kata zitakazosubiri, mtake msitake. Pigeni kura ya bahati nasibu hadharani kuamua zipi zitangulie, kisha mpime zote kwa wakati mmoja, zilizoanza na zinazosubiri. Nchini kwetu Tanzania jambo hili si geni: katika majaribio ya ruzuku za TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), vijiji 80 vya Bagamoyo, Chamwino na Kibaha viligawanywa kwa bahati nasibu, 40 vikaanza kupokea ruzuku na 40 vikawa vya kulinganisha. Mtoto aliye hatarini, hata hivyo, haingii kwenye kura wala kwenye foleni; huyo analindwa siku hiyohiyo kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, utafiti uharibike usiharibike.

Ukiwa na familia chache mno kwa kura, pima kila familia mara kadhaa kabla ya kuanza, tuseme kila wiki kwa wiki nne au tano, na uanze huduma kwa familia tofauti katika wiki tofauti. Kama alama za kila familia hushuka pale tu huduma inapoifikia, una hoja nzito. Njia hii wanafunzi wa fildi wanaiweza kwa daftari na kalamu, nami natamani vyuo vyetu viifundishe ndani ya kazi yenyewe ya mashauri, badala ya kuacha utafiti uonekane ni tasnifu ya mwaka wa mwisho tu. Wafundishwe pia kuomba ridhaa na kuandika namba badala ya majina kwenye madodoso, maana taarifa hizi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kwa ripoti ya sasa, baada ya kurekebisha hesabu, andika hivi: «Familia 24 kati ya 32 zilimaliza mafunzo. Miongoni mwao alama za malezi makali zilishuka kutoka [wastani wao wa mwanzo] hadi 21. Hakukuwa na kundi la kulinganisha, hivyo haijathibitika kwamba kushuka huko kumetokana na mafunzo. Tunapendekeza kata zianze kwa awamu, kwa kura ya bahati nasibu, na zote zipimwe.»