Bima ya safari wakati wa mlipuko: jibu kwa aliyeuliza kuhusu mama yake anayekwenda Ujerumani

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: bimkubwa ana miaka 68 na presha, dada yako amemwalika Ujerumani, na wakala wa viza amekupa bima ya bei ya chini kabisa akikuhakikishia kwamba ubalozi unaikubali. Unataka kujua kama itamfaa ukizuka ugonjwa kama korona akiwa huko, au siku chache kabla hajapanda ndege. Kwa ubalozi itafaa. Kwa mama sidhani, na nitaeleza kwa kirefu kidogo kwa sababu mimi na ndugu zangu tumehangaika na mambo haya tangu 2020.

Anza na kile ubalozi unachokitazama. Nchi za Schengen (kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, Ujerumani ikiwemo) zinataka bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, itumike katika nchi zote za Schengen kwa siku zote za ziara, na ilipe matibabu ya dharura, kulazwa, na kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa au kifo. Wakishaona hivyo wameridhika. Hawakuulizi kama bima hiyo inalipa tiketi wala karantini. Kwa hiyo hati inaweza kupita dirishani kwao bila shida, huku kwenye kurasa za nyuma kuna sehemu ya mambo yasiyolipwa, na humo ndani kampuni imejitoa kwenye gharama zinazotokana na mlipuko au janga. Sehemu hiyo isome kabla hujauliza bei. Wakala akikwambia hana hati nzima, ana cheti tu cha ukurasa mmoja, usimlipe.

Tarehe ya kununua nayo ina uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Bima inalipa jambo ambalo halijajulikana. Shirika la Afya Duniani (WHO) walitangaza korona kuwa dharura ya kimataifa tarehe 30 Januari 2020, na janga la dunia tarehe 11 Machi. Kampuni nyingi zilihesabu kuwa tangu mwisho wa Januari ile kila mtu alishajua, hivyo aliyekata bima baada ya hapo na safari yake ikafutwa kwa sababu ya korona aliambiwa hana dai. Wengi walilia, lakini mkataba ulisema hivyo tangu mwanzo.

Sisi wa Kanda ya Ziwa jambo hili linatugusa kwa karibu. Marburg, ugonjwa wa virusi unaofanana na Ebola, ilithibitishwa Bukoba Machi 2023, ikarudi Biharamulo na kutangazwa na Rais Samia tarehe 20 Januari 2025. Ng'ambo ya ziwa, Uganda ilitangaza Ebola Septemba 2022, na tena Januari 2025. Tangazo la namna hiyo likishatoka, bima utakayonunua kesho yake inaweza kukataa chochote kinachohusiana na ugonjwa huo. Kwa hiyo kata bima wiki ileile unayolipia tiketi. Kungoja mpaka siku ya kupeleka maombi ya viza ndipo ununue ni kujipunguzia ulinzi, na kampuni nyingi hurudisha pesa ukipeleka barua ya kunyimwa viza. Uliza tu hilo kabla.

Sasa nije kwenye kiini. Mtu wa bima akisema "hii inalipa korona", mwulize inalipa nini hasa. Kutibiwa ni ahadi moja. Kukaa karantini ni nyingine. Kuahirisha safari ni ya tatu, na kufungiwa mpaka ni ya nne. Nyingi zinatoa ya kwanza, baadhi zinaongeza ya pili na ya tatu kwa masharti, na ya nne karibu hakuna anayeitoa.

Karantini ndiyo iliyowaumiza wengi, kwa sababu ziko za aina mbili. Kuna ile serikali inayomwekea kila anayeingia. Uingereza mwaka 2021 waliotoka nchi za orodha nyekundu, Tanzania ikiwemo, walikaa hotelini siku 10 kwa pauni 1,750 kwa mtu mzima. Hong Kong ilifika siku 21, na wafanyabiashara wa hapa kwetu wanaopeleka huko mabondo ya sangara wanakumbuka. Hiyo bima hailipi, maana ulijua kabla hujasafiri. Inayoweza kulipwa ni pale wewe mwenyewe umepimwa ukakutwa na ugonjwa, na daktari au mamlaka ya afya ikakuamuru kwa maandishi ujitenge. Hapo hutolewa kiasi fulani kwa siku. Mfano mzuri ni shirika la ndege la Emirates, ambao Julai 2020 waliwapa abiria wao bila malipo bima ya matibabu ya korona hadi euro 150,000, na euro 100 kwa siku za karantini, mwisho siku 14. Ukiona namba mbili zimetenganishwa namna hiyo, moja ya tiba na moja ya karantini, ujue walioandika wamefikiri.

Shemeji yangu alimsindikiza baba yake kwenye matibabu India mwaka 2021. Mzee akapona vizuri, lakini siku ya kupima kabla ya kurudi shemeji akakutwa na korona. Akabaki hotelini. Kampuni yake ya bima ilikataa dai mwanzoni kwa sababu alituma majibu ya kipimo cha haraka tu. Alipopata majibu ya PCR, kile kipimo cha maabara, na barua ya daktari yenye tarehe ya kuanza na kumaliza kujitenga, wakalipa hoteli. Tiketi mpya hawakulipa, na kweli haikuwemo kwenye mkataba. (Kwa wanaopeleka wagonjwa nje: bima ya safari hailipi matibabu uliyoyafuata. Hiyo ni hesabu nyingine kabisa.)

Kuhusu mpaka kufungwa nina kisa changu. Desemba 2021 nilikuwa na tiketi ya Dubai kufuata spea za injini za boti. Baada ya Omicron, aina mpya ya korona, kuzuka, Falme za Kiarabu zikasimamisha abiria wa kutoka Tanzania, Kenya, Ethiopia na Nigeria kuanzia tarehe 25 mwezi ule. Bima yangu haikutoa hata shilingi, na nilishaulizia mapema nikajibiwa kwamba uamuzi wa serikali haumo. Kilichoniokoa ni tiketi: niliongeza pesa kidogo wakati wa kununua nikapata inayobadilishwa tarehe bila faini, nikaisogeza, nikaenda baada ya mpaka kufunguliwa.

Tangu hapo msimamo wangu ni huu, na ndio ninaokupa: bima ilinde mwili wa mama, pesa za safari zilindwe na aina ya tiketi. Usihangaike kutafuta bima itakayolipa kila tukio la serikali, hutaipata hapa kwetu, na ukiipata bei yake itakutoa jasho. Ile tofauti ya bei peleka kwenye kiwango kikubwa cha matibabu na kwenye tiketi inayobadilika. Euro 30,000 zinaonekana nyingi ukizigeuza shilingi, lakini mgonjwa akiwekwa chumba cha uangalizi maalumu Ulaya zinaweza kuyeyuka haraka. Mimi ningetafuta 100,000 na kuendelea.

Kwa bimkubwa mwenyewe, presha yake iandikwe kwenye fomu. Wakala anaweza kukushawishi uiache ili bei ishuke; usikubali, kwa sababu dai lolote la moyo au kiharusi litafutiliwa mbali wakipata historia yake hospitali. Uliza kama ugonjwa uliokuwepo unalipwa ukizidi ghafla, na kwa kiwango gani. Uliza pia kuhusu umri, kwani wapo wanaopunguza ulinzi au kuongeza bei mtu akivuka 65 au 70. Na uliza ni kiasi gani cha kila dai atakibeba yeye kwanza, maana bima nyingi za bei nafuu zimeificha nafuu yake hapo.

Ongeza siku za bima zipite tarehe ya kurudi, angalau wiki mbili. Akiugua siku ya mwisho hutaki mkataba umalizike akiwa kitandani.

Jambo la watu wa Mwanza: kama mtamnunulia tiketi ya Mwanza kwenda Dar mbali na ile ya kwenda Ulaya, ndege ya asubuhi ikichelewa akaikosa ya pili, bima nyingi hazilipi. Weka zote kwenye tiketi moja, au alale Dar. Anayeondokea Nairobi kupitia Sirari au Entebbe kupitia Mutukula aulize bima inaanza kuhesabu wapi, nyumbani au uwanja wa ndege.

Wakala awe na leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Wana ofisi ya kanda hapa Mwanza, unaweza kwenda kuuliza kabla hujatoa pesa. Maswali yako yote yaandike kwa barua pepe na ujibiwe kwa barua pepe, kwa sababu maneno ya mdomoni hayatakusaidia siku ya kudai. Kadi ya NHIF (bima ya afya ya taifa) ya mama mwachie, lakini asiitegemee huko.

Namba ya dharura ya saa 24 iwe kwenye simu ya dada yako pia, na ipigwe kabla ya kulazwa ikiwezekana, ili kampuni iidhamini hospitali moja kwa moja. Risiti na ripoti za daktari zitakuwa za Kijerumani, kwa hiyo dada aombe nakala ya Kiingereza papo hapo.

Ukishapewa hati, funika jina na namba ya pasi, kisha itume hapa ile sehemu ya mambo yasiyolipwa. Nitaisoma mstari kwa mstari nikujibu.