Kutoka kikosini kuingia biashara: majawabu kwa wasomaji

SWALI: Assalaam aleikum. Nastaafu KMKM (kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo) mwakani, kazi yangu ni ufundi wa mashine za boti. Nataka kufungua karakana hapa Wete, Pemba, nihudumie wavuvi wa dagaa. Wanangu wanashikilia nisome kwanza diploma ya biashara. Nisome au nianze? – Fundi, Wete

JAWABU: Wa aleikum salaam, Bwana Fundi. Kwa mwenye cheti cha kidato cha nne, diploma ni safari ya miaka mitatu: mwaka mmoja wa cheti, kisha miwili ya diploma yenyewe. Kijana itamfaa. Wewe utamaliza huku kiinua mgongo kimeshaliwa. Tafuta kozi fupi ya jioni na uisome sasa hivi, mshahara ukiwa bado unaingia. Kabla ya kulipa ada, uliza kama wanafundisha mambo matatu: kuandika daftari la fedha kila siku, kupata gharama ya kazi moja, na kupanga fedha za wiki zijazo. Kama kozi nzima ni kuandika andiko la kuombea mkopo, tafuta pengine.

Tunasisitiza gharama ya kazi moja kwa sababu hapo ndipo mafundi waliotoka vikosini huumia. Kikosini kipuri kinatoka stoo kwa saini, fundi haoni bei yake. Nje, kila kitu kina bei. Chukua mashine iliyoletwa na mafuta ya gia meupe kama maziwa: maji ya chumvi yamepenya kwenye sili ya shafti ya propela. Kwa bei za mfano, sili 8,000, mafuta ya gia 15,000. Mafundi wengi huongeza 7,000 na kumwambia mteja 30,000. Sasa weka yaliyosahauliwa: kusafirisha kipuri kutoka Unguja 2,000, kodi ya banda 2,500 kwa siku, ikiwa ni 60,000 kwa mwezi na unafanya kazi siku 24, kuchakaa kwa zana 1,500. Katika ile 7,000 umebakiwa na shilingi 1,000, na umepiga nusu siku ya kazi. Ukijilipa 15,000 kwa nusu siku hiyo, bei ya haki ni 44,000. Tia bei za kwenu, lakini safu hizo zisipungue hata moja.

La pili ni mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Ukifika mwezi mpevu, vyombo hupanda pwani, na ndipo mashine zinapoletwa kwako, wakati ambao mvuvi hana kitu mfukoni. Atakwambia utalipwa giza likirudi, na mara nyingi husema kweli. Basi usimkatalie, ila chukua bei nzima ya vipuri mkononi, ufundi uandikwe na sahihi yake iwepo. Na uwe na akiba ya kukuendesha wiki mbili hadi tatu bila kupokea senti. Anayetia kiinua mgongo chote kwenye jengo na mashine ya kuchomelea hukwama mwezi wa kwanza tu, wala si kwa kukosa wateja.

Kuhusu karatasi: jina la biashara husajiliwa BPRA (wakala wa usajili wa biashara Zanzibar), namba ya mlipakodi hutoka TRA, halafu kuna ZRA kwa kodi za Zanzibar, na leseni yako utaiulizia Baraza la Mji. Jina likisajiliwa usidhani umeshapata leseni.

SWALI: Sisi ni vijana wanne tuliomaliza JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), tuko Kaskazini Unguja. Tunataka kufuga kuku wa nyama 200 tuuze hoteli za Nungwi. Tunaogopa mkopo wa riba. – Wanne

JAWABU: Anzeni na 100. Kuku mmoja hula karibu kilo 4 hadi kufika sokoni, kwa hiyo 200 watamaliza kilo 800, yaani mifuko 16 ya kilo 50, na chakula ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya gharama. Kwa joto letu la kaskazi wekeni kuku 8 kwa mita moja ya mraba, na kwenye hesabu toeni kuku 5 katika kila 100 kwa vifo.

Shida itakuwa kwenye muda. Wiki 5 au 6 za kukuza, wiki 2 za kusafisha banda na kuliacha tupu, na hoteli nyingi hulipa baada ya siku 30. Vifaranga wa kundi la pili wanatakiwa kuingia kabla fedha za kundi la kwanza hazijatoka. Msipokuwa na mtaji wa makundi mawili, mtasimama. Nusu ya kuku uzeni taslimu mtaani. Wala msishindane kwa bei na kuku wa barafu kutoka Brazil. Nyinyi mnauza kuku aliyechinjwa asubuhi ile ile.

Kwa mkopo, ulizeni benki zenye huduma za Kiislamu kuhusu murabaha: benki hununua kitu chenyewe, kisha hukuuzieni kwa faida inayojulikana tangu mwanzo. Na kabla ya yote andikeni: nani anashika fedha, benki zinatakiwa sahihi ngapi, anayetoka atalipwa vipi. Kambini kulikuwa na afande wa kukata shauri. Kwenye kikundi hayupo.

SWALI: Nimestaafu jeshi, niko Mkoani, Pemba. Nikinunua karafuu kwa wakulima nikauze Mombasa, nitapata faida? – Mstaafu

JAWABU: Hapana, Mzee wetu. Mnunuzi wa karafuu ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na hayo yatahesabiwa magendo. Lililo halali ni kukodi mikarafuu kwa msimu. Piga hesabu kwa karafuu kavu: kilo 3 mbichi hutoa karibu kilo 1. Wachumaji hulipwa kwa pishi, na malipo yao yanatangulia mauzo, kwa hiyo yatenge mapema. Chuma kabla ua halijafunguka, anika juu ya majamvi, si kwenye lami, na ondoa makonyo (vijiti vya karafuu) yote kabla ya kupeleka kituo cha ZSTC, maana ndiyo yanayoshusha daraja.