Barua kwa mwanangu: dakika moja pale Mugunga

Mwanangu,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu. Unauliza kwa nini usiku ule wa Mei 22, 2021, tulipoikimbia volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, unauona mrefu kama wiki nzima, na miaka yako mitatu ya Kinshasa imepita kama siku moja. Ni wakati unaobadilika, ama ni wewe?

Nitakujibu kwa kazi yangu ya ukunga, maana ndiyo ninayoijua.

Kila nusu saa naweka pembe ya mbao juu ya tumbo la mama mwenye uchungu, sikio kwenye pembe, jicho kwenye saa ya mkononi, nahesabu mapigo ya moyo wa mtoto. Yakiwa kati ya 110 na 160 kwa dakika, natulia. Sasa sikiliza jambo ambalo linanishangaza tangu nilipokuwa mwanafunzi. Pigo moja peke yake si la haraka wala si la polepole. Ni "tu", basi. Haraka inaanza pale pigo la pili linaponikuta bado nimelishika la kwanza, na la tatu nimekwisha kulingojea. Lililopita halipo tena, linalokuja halijafika, lakini mimi nayasikia kama mwendo mmoja. Mwendo huo naubeba mimi ninayesikiliza. Padri alipotueleza katika mahubiri kwamba Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo, mji wa Aljeria ambao leo unaitwa Annaba, aliandika zaidi ya miaka 1,600 iliyopita kuwa wakati tunaupima ndani ya roho, kwa kukumbuka, kuangalia na kutazamia, niliona anaongea habari za pembe yangu.

Na mama mwenyewe? Uchungu ukimbana anaapa umekaa dakika kumi. Saa yangu inasema sekunde 50. Simbishii kamwe. Yeye ndiye aliye ndani yake.

Turudi njiani. Karibu na Mugunga, mama mmoja mjamzito aliketi juu ya mawe meusi kando ya barabara ya Sake, akasema moyo unamwenda mbio. Wewe ulinimulikia kwa simu. Nilimshika kifundo cha mkono, nikatazama saa. Ukaniuliza, "Mama, bado?" Ukarudia. Nyuma yako mbingu zilikuwa nyekundu, watu wanapita na magodoro kichwani, bidoni za maji, mbuzi, na mtoto mmoja analia kwa sababu ndala yake imekatika. Mwaka jana uliniambia kwamba nilimshika yule mama robo saa. Mwanangu, ilikuwa dakika moja. Nilizihesabu zile sekunde 60 mwenyewe.

Kuna watafiti wa Marekani waliolichunguza jambo hilo hilo, wakatoa matokeo yao mwaka 2007. Waliwaangusha watu kutoka mita 31 hadi kwenye wavu, na mkononi waliwafunga kifaa chenye tarakimu zinazobadilika upesi kupita uwezo wa jicho. Kama woga kweli ungepunguza mwendo wa mambo, wangezisoma wakiwa hewani. Hawakuweza. Lakini walipoulizwa baadaye, waliukadiria muda wa kuanguka kwao kuwa mrefu, kwa wastani 36% zaidi ya walivyokadiria wa wenzao. Kwa hiyo dakika yako ya Mugunga haikujivuta. Uliishika na vitu vyake vyote, mpaka ile ndala, na ukiirudia leo una mengi ya kupitia kabla hujafika mwisho.

Kinshasa ni kinyume chake. Mwaka 1962 Mfaransa Michel Siffre alikaa pangoni miezi miwili, bila saa, bila jua. Walipomwambia muda umekwisha, Septemba 14, yeye kwa hesabu zake alikuwa bado Agosti 20. Siku 25 zilimponyoka. Giza ni lile lile, baridi ni ile ile, kulala na kuamka. Angeitofautishaje siku moja na nyingine? Na wewe unaamka, unapanda teksi, foleni, ofisi, simu, usingizi. Lakini nakumbuka pia ulivyonilalamikia kwamba alasiri za ofisini haziishi. Angalia basi: alasiri ile ile ni ndefu ukiwa ndani yake, na fupi ukigeuka kuitazama. Ndiyo maana sikubali unaposema miaka hiyo imepotea. Uliiishi yote, kila saa yake. Kilichokosekana ni alama za kuirudia, na hilo linaniuma kama mama, kwa sababu hata mimi sina ninachokijua humo.

Jumapili nikipiga simu saa mbili usiku, kwenu itakuwa saa moja. Usiniambie "niko salama" halafu ukakata. Nisimulie siku moja tu, tangu ulipoamka: nani alikaa pembeni yako kwenye teksi, ulikula nini, mvua ilikukutia wapi. Nina muda.

Uliuliza pia kama namkumbuka yule mama wa Mugunga. Mapigo yake yalikuwa 104. Alikuwa na woga na kiu. Tulimpa maji ya bidoni yetu, akapumzika kidogo, akaendelea kutembea.

Mama yako,
Goma